Taa za plasma za mzee wa Kariobangi: yangu iko kinyozi, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na jibu juu najua ndilo wengi wanatafuta: nunua. Kama unataka taa ya plasma ya kukaa, na ikileta shida kuna mtu wa kumrudia, pitia kwa huyu mzee wa Kariobangi Light Industries kabla hujaingia duka lolote tao. Bei yake iko juu, kungoja utangoja kweli, na kuna mambo nitamlaumu nayo huko chini bila kumficha, lakini kazi ya kioo yenyewe hapa Nairobi sijaona mwingine anaifanya hivi.

Kwa wale hawajawahi kuiona, taa ya plasma ni lile tufe la kioo lenye radi ndogondogo ndani, ukiweka kidole radi inakimbilia hapo kidole kiko. Ndani hakuna hewa ya kawaida, kuna gesi kama neoni, arigoni au zenoni, na katikati kuna elektrodi, ile ncha ya kutolea umeme, inayopewa volti elfu kadhaa zinazogeuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Gesi ikipigwa na stima ya namna hiyo elektroni zinang'oka kwa atomu, gesi inaanza kupitisha umeme na kutoa mwanga, na hiyo ndiyo plasma. Kioo kinazuia umeme usikufikie moja kwa moja, kinachopita ni kidogo sana ndio maana unaishika na hupigwi shoti. Mwili wako ni njia rahisi ya huo umeme kuelekea chini kuliko hewa ya pembeni, kwa hivyo radi inakufuata wewe.

Mimi niko na kinyozi Donholm na nilikuwa na moja ndogo hapo kwa kaunta, ile ya kuletwa kutoka nje, niliinunua duka fulani Luthuli Avenue. Ilifanya vizuri miezi michache halafu ikazima ghafla, kurudi dukani naambiwa hizi hazitengenezwi, chukua ingine. Hakuna hata aliyefungua chini aangalie. Mteja wangu mmoja fundi wa redio ndiye alinielekeza kwa mzee. Mzee akaishika, akaigeuza, akaiunganisha na waya za sakiti yake mwenyewe na radi zikarudi papo hapo. Akaniambia, "Kijana wangu, kioo chako ni kizima, hapa ni bodi tu imekufa, usikubali mtu akuuzie kioo kingine." Akatoa transista iliyoungua akaweka nyingine, nikamlipa mia tano nikaenda zangu. Alikuwa na tufe zake za elfu kumi na nne zimepangwa hapo nyuma yake na angeniuzia moja bila mimi kujua chochote, hakujaribu, na hiyo ndiyo sababu nilirudi kwake kuagiza kubwa.

Karakana ni chumba kimoja cha mabati, nje hakuna bango. Mzee alianza akiwa kijana wa kukunja mirija ya neoni ya mabango ya hoteli na baa, hizo siku LED hazijaingia, na hiyo biashara ilipokufa akabaki na pampu, mitungi ya gesi na mkono wake, akageukia mapambo. Saa hii anatengeneza tufe za sentimita 15, 20 na 30 hivi, mirija mirefu ya kusimamisha, na chupa za maumbo tofauti. Tufe nyingi anaanzia kwa zile chupa za maabara zenye tumbo la duara, kioo cha borosiliketi ambacho kinavumilia moto, halafu anakata shingo na kuendelea na yake.

Ukitaka kumletea chombo chako mwenyewe uliza kwanza. Siku moja nikiwa hapo mama mmoja alikuja na chupa nzuri sana ya kupulizwa, zile zinatengenezwa na kioo cha dirisha kilichotumika kama za wapuliza kioo wa Kitengela, anataka radi ndani. Mzee alikataa pesa yake kwa heshima, akamweleza kwamba kioo cha dirisha kikipata joto kinatanuka karibu mara tatu ya borosiliketi, kwa hivyo akiunganisha shina lake la borosiliketi na hiyo chupa zitaonekana zimeshikana vizuri zikiwa moto, zikipoa zinapasukiana hapo kwa kiungo. Mama alisikitika lakini akaondoka na chupa yake ikiwa nzima. Mafundi wangapi tunawajua wangejaribu kwanza halafu wakuambie bahati mbaya?

Sasa nije kwa kazi yenyewe juu hapa ndipo pesa yako inaenda, na mtu akiangalia taa tu kwa meza hawezi kujua. Wengi tunadhani siri ya hii taa ni umeme. Umeme ni rahisi, nitaufikia. Kazi iko kwa usafi na kwa kufunga kioo. Ukiacha hewa kidogo tu imebaki ndani, au unyevu, au mafuta ya kidole, radi zinakuwa fupi na butu, rangi inageuka ya waridi iliyofifia ya naitrojeni, na baada ya muda taa inakataa kabisa.

Mzee anaosha kioo na sabuni, halafu maji ya betri (yale safi ya kuongezea, si asidi), halafu spiriti, na baada ya hapo hakuna mkono unaingia ndani tena. Elektrodi yake haitoboi kioo hata kidogo na hii ilinifurahisha sana: anaingiza tufe dogo la kioo ndani ya tufe kubwa, hilo dogo lina shina lenye tundu linalofungukia nje chini, anayeyusha vioo viwili vikawa kitu kimoja, halafu kwa lile tundu anashindilia nyuzi laini za chuma, zile zile za kusugua sufuria. Volti zinaingia kwa chuma, zinapenya kioo bila waya kupita, na kwa sababu hakuna chuma kilichovuka ukuta hakuna mahali pa hewa kupenyeza pole pole. Baada ya kila kiungo kioo kinaingia tanuri kipoe taratibu la sivyo kinabaki na mvutano ndani kinapasuka chenyewe usiku kikiwa kwa rafu.

Halafu tufe linapanda kwa pampu. Analifunika na tanuri dogo la stima, joto linapita digrii 300, pampu inavuta saa nzima nzima, juu maji yanajishika kwa kioo hata ukiona kimekauka na hayatoki bila kuchomwa. Kujua kama iko sawa ana kifaa cha mkono kinachotoa cheche ndefu, anakipitisha juu ya kioo taa za chumba zikiwa zimezimwa. Mwanzo ndani kunawaka zambarau ya waridi, hiyo ni hewa. Anaendelea kuvuta, rangi inapauka, inapauka, mwisho cheche zinacheza nje tu na ndani kunabaki giza. Kama kuna katundu hata kadogo kuliko ncha ya sindano, cheche zote zinakusanyika hapo zinaingia kama uzi mmoja mweupe. Nilimuona akipata katundu kama hako kwa kiungo cha tufe ya mtu, ilikuwa imebaki kidogo tu aijaze gesi, akaishusha akaanza upya kuunganisha. Hakunung'unika wala hakujaribu kuziba na gundi.

Kujaza gesi nayo ina mambo yake ya huku kwetu juu mlimani. Ili ukate tufe kutoka kwa pampu unachoma ule mrija mwembamba mpaka ulainike, hewa ya nje inausukuma ndani ukajifunga. Hiyo inafanya kazi tu kama ndani kuna mgandamizo mdogo kuliko nje, ukizidisha gesi kioo laini kinavimba kama pafu na kupasuka. Pwani hewa inasukuma kwa milimita 760 za zebaki, hicho ni kipimo cha mgandamizo. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yetu iko kama 620 au 630 tu, kwa hivyo nafasi ya mzee ni ndogo kuliko ya fundi wa Mombasa au London. Anasema hapiti 500 hivi. Na hii si hasara ya kuogopa, ila inabadilisha sura: gesi ikiwa nyingi radi zinakuwa nyembamba na kali, ikipungua zinanenepa na kulainika, ikipungua zaidi unapata wingu la mwanga badala ya nyuzi. Zake ziko katikati, nyuzi unazihesabu lakini si kali za kuumiza macho, na kwa kinyozi ambapo mtu anakaa nusu saa akiangalia mimi naona afadhali hivyo.

Ule wakati wa kukata ndio ningelipa kuuona tena. Moto mdogo mkali unazunguka mrija, kioo kinageuka cha machungwa, kiuno kinaingia ndani, na mzee hapumui, macho yako hapo tu, halafu anavuta kwa mkono mmoja na tufe linashuka likiwa na kichuchu kidogo cha kioo chini ambacho baadaye kinafichwa na kibao. Kichuchu hicho ndicho mlango wote wa hiyo taa. Ukinunua yoyote, yake au ya duka, igeuze ukiangalie kama kinaonekana, kiwe kinene na cha duara, kisiwe na ncha ya kukatika.

Rangi unachagua mwenyewe na bei inafuata gesi. Arigoni ni rahisi juu karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta ni arigoni, na mafundi wa kuchomea stenlesi wanaitumia kila siku, inatoa nyuzi za zambarau. Neoni peke yake ni nyekundu ya machungwa, ile ya mabango ya zamani, lakini kwa hewa ni sehemu kama 18 tu kwa milioni. Zenoni ni chini ya sehemu moja kwa milioni kumi, wanaitenga kwa kupoza hewa mpaka iwe maji halafu kuichuja kidogo kidogo, kwa hivyo usishtuke ukitajiwa bei. Kriptoni inatoka nyeupe ya kijivu, kwangu haikunivutia. Nilichukua neoni nyingi na zenoni kidogo, nyuzi ni za buluu na zambarau halafu pale zinagusa kioo zinafunguka kwa ncha za waridi. Wateja wakiuliza nawaambia hakuna rangi ya kupakwa hapo, ni kila gesi na mwanga wake. Kuna mtu aliuliza heliamu juu ni rahisi ya baluni, mzee alimkataza, heliamu inapenya kioo chenyewe pole pole na taa itabadilika kila mwaka.

Mzee anapenda kusema hii ilikuwa kazi ya fundi wa kioo kabla iwe ya profesa, na historia iko upande wake. Heinrich Geissler wa Ujerumani alikuwa mpuliza kioo, akatengeneza pampu nzuri ya zebaki na kufikia 1857 alikuwa anatoa mirija iliyofungwa yenye gesi inayowaka rangi, watu wakawa wanainunua kama mapambo tu. Arigoni yenyewe ilikuwa haijajulikana mpaka 1894, na neoni, kriptoni na zenoni zikapatikana London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Tesla naye alipata hati miliki Marekani mwaka 1894 ya taa ya tufe yenye elektrodi moja katikati. Georges Claude akaonyesha mirija ya neoni Paris 1910, mabango yakaanza. Neno plasma kwa hii gesi lililetwa na Irving Langmuir mwaka 1928. Halafu hizi tufe za kisasa zenye nyuzi zinahusishwa na Bill Parker, mwanafunzi wa MIT mwaka 1971, aliyeacha chombo na mchanganyiko wa neoni na arigoni kwa mgandamizo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa. Yaani zaidi ya miaka mia moja tangu Geissler ndio radi zikatokea, na kilichobadilika kilikuwa ni gesi ngapi umeweka ndani.

Umeme sasa. Sakiti iko ndani ya kibao cha chini, inatumia adapta ya volti 12 kwa hivyo ile 240 ya ukuta haikaribii mkono wa mtu. Zamani alikuwa anatoa transfoma kwa zile TV za mgongo, unazipata kwa mafundi wa tao kila mahali, lakini anasema nzuri zinazidi kuisha na nyingi zimechoka, sasa anazungusha zake mwenyewe. Yangu haifiki wati 20 na tokeni za stima sijaona tofauti. Kuna kitufe cha kuzungusha kupunguza nguvu, na tafadhali ukinunua kwake usikubali isiyokuwa na hicho kitufe juu usiku ukipunguza zinabaki nyuzi chache zinapanda taratibu, gesi ya moto inapanda juu na radi inabebwa nayo, na hapo ndipo taa inapendeza zaidi kuliko ikiwa full.

Kwa kinyozi imefanya nini? Watoto ndio wa kwanza. Mtoto wa kunyolewa alikuwa analia mpaka mama anashika kichwa, sasa anawekwa kiti cha karibu na taa, mkono mmoja kwa kioo, na mashine inapita nyuma ya sikio bila vita. Watu wazima nao wanajifanya hawaoni halafu unakuta mzee wa makamo ameweka vidole vitano anaangalia nyuzi tano. Imeshikwa siku nzima wiki nzima na kioo kiko vile vile, rangi ni ile ile, hakuna waridi la hewa limeingia. Hilo ndilo nilikuwa nalipia.

Lawama sasa. Ya kwanza ni muda. Tarehe ya mzee haiaminiki, atakwambia Ijumaa na Ijumaa utakuta tufe bado linapikwa. Ninaelewa sababu, nimeeleza hapo juu, lakini basi aseme mwezi mzima tangu mwanzo mtu ajipange, si kunipigisha nauli ya kwenda na kurudi Outering na jam ile. Ya pili ni kibao. Kioo cha mtu makini hivi kimewekwa juu ya mbao iliyopakwa vanishi haraka, na chini hakukuwa na matundu ya hewa, sakiti ilikuwa inapata moto mpaka nikasikia harufu. Nilirudisha akatoboa bure na akaongeza kipande cha alumini cha kupoza, sasa ni sawa, lakini hii inafaa itoke hivyo kwake, mteja asiwe ndiye wa kugundua. Ya tatu, hakuna risiti wala garantii ya kuandikwa, ni mdomo wake tu. Mdomo wake ameuheshimu kila mara kwangu, ila mtu wa ofisi anayetaka kununulia kampuni atakwama hapo, mzee tafuta hata kijitabu cha risiti.

Kuna kitu ingine si kosa lake, ni tabia ya hizi taa zote. Inavuruga redio, hasa ya AM, inatoa mkwaruzo ukiwa karibu. Simu ukiiweka kando ya tufe skrini inaanza kujibonyeza. Nimeisogeza mbali na ile simu ya M-Pesa na shida imeisha. Na kuna mlio mwembamba, mimi siusikii mchana na muziki, kijana wangu wa kazi anausikia, masikio yake ni ya miaka ishirini.

Ikilinganishwa na za dukani nitasema ukweli wote. Zile ndogo za kuletwa, za kati ya elfu mbili na nusu na elfu nne, kioo chake mara nyingi si kibaya. Zinatoka kiwandani kwa wingi, gesi imejazwa vizuri. Kinachokufa ni bodi na adapta, za bei ya chini kabisa, na stima yetu ya kupotea na kurudi kwa kishindo inazimaliza. Kama ni ya meza ya mtoto nyumbani chukua hiyo, ikizima mpelekee mzee. Lakini ukitaka kubwa, ukitaka rangi unayoichagua, au umbo ambalo halipo dukani, hapo hakuna mashindano. Ya sentimita 20 nilitoa elfu kumi na nne na kibao chake. Niliiona nyingi siku ya kulipa, saa hii naona ni bei ya haki kwa mtu anayekaa na kioo kimoja siku hizo zote, na kwamba akisema kimeharibika ndani anaweza kukifungua, kukivuta upya na kujaza tena. Hiyo huduma ya kujaza upya peke yake sijui duka gani litakupa.

Mambo ya usalama msiyapuuze, mzee anayasema kwa kila mteja na mimi nimeyabandika ukutani. Mtu mwenye kifaa cha moyo asikaribie. Usiweke sarafu, foili wala kitu cha chuma juu ya kioo, cheche zinaruka kwa chuma na zinachoma ngozi, karatasi inaweza kushika moto. Usiache kidole mahali pamoja muda mrefu, kioo kinapata joto hapo. Usiwashe masaa kumi mfululizo chumba kimefungwa, inaweza kutoa ozoni kidogo, ile harufu kali ya baada ya cheche, fungua dirisha. Na kioo kikipata ufa zima, usiguse, usijaribu kuwasha uone.

Jumamosi mzee anakubali watu kukaa na kuangalia, hasa wanafunzi, hii sikutarajia na nimeipenda kuliko kitu chochote. Nilimpeleka mpwa wangu wa fomu tatu. Mzee alimpa mrija wa florosenti, zile taa ndefu nyeupe za dukani, akamwambia aushike mkononi asogee karibu na tufe, mrija ukawaka hauna waya wowote, na akisogea nyuma unazima kipande kipande kutoka mwisho. Kabla ya kumweleza alimwuliza yeye kwanza anadhani kwa nini, akangoja jibu. Halafu akamwonyesha balbu kubwa ya zamani ya uzi, ya kioo safi, ambayo ndani huwa na arigoni na naitrojeni, akaiunganisha na sakiti yake na nyuzi za zambarau zikatoka kwa ule uzi. Kijana akataka kwenda kujaribu nyumbani mara moja. Hapo mzee akawa mkali kweli, akamwambia kioo cha balbu ni chembamba cheche inakitoboa, transfoma ya TV inaweza kukushika na moyo ukasimama, na mtu akivuta hewa yote kwa chombo halafu akaweka volti nyingi sana anaweza kutengeneza eksirei bila kujua. "Njoo hapa ufanyie mbele yangu," ndiyo ilikuwa kauli yake ya mwisho, na mpwa wangu ameenda.

Kufika ni rahisi, panda matatu za Outering ushuke Kariobangi Light Industries, uliza fundi wa taa za kioo, wachomeaji wa mageti wote wanamjua. Nenda asubuhi, jioni anakuwa kwa moto na haongei na mtu. Nusu unalipa mbele kwa M-Pesa, nusu ukichukua, na kabla ya kumaliza malipo mwambie azime taa za chumba akuwashie muda wa kutosha, uangalie kama nyuzi zinafika kioo pande zote. Beba blanketi nzito na kreti ya soda ya kuwekea tufe, hana maboksi, na usikubali boda, chukua teksi. Uliza kabisa kama zenoni iko, ikiisha anangoja mtungi na hatasema mpaka umuulize. Mimi nimeshaweka pesa ya mbele kwa mrija wa mita moja wa arigoni utakaokaa juu ya kioo kikubwa cha kinyozi, na safari hii nimemwambia kibao nitamtengenezea seremala wangu.